Begi Nililokataa Kulikabidhi

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijaharibu na kile kidogo kilichobaki.

Shemeji yangu, mke wa marehemu kaka yangu, ananitunzia maneno ya mwisho ambayo kaka alimwachia anipe mimi, uso kwa uso na si kwa simu, na huu ni mwezi wa nne sijaenda kuyapokea, kwa sababu nilimdanganya yule mama siku ambayo hakustahili kabisa kudanganywa, na kila nikisema sasa naenda, miguu inakataa. Nitakueleza yote, hata yanayoniaibisha, maana nikikuficha wewe nitakuwa nimepoteza wino bure.

Kazi yangu ni ya kupanda. Mimi na wenzangu tunasafisha vioo vya maghorofa, tunapaka rangi mahali ambapo ngazi haifiki, tunafunga taa juu ya minara, na kazi hiyo nilifundishwa na kaka yangu huyo huyo, tumbo moja, yeye wa kwanza na mimi kitinda mimba, yeye ndiye aliyenifunga mkanda kiunoni mara ya kwanza akanining'iniza ukutani, mimi nalia machozi ya kweli, yeye chini anacheka mpaka anakaa. Siku za mapumziko tulikuwa tunatoka nje ya mji kupanda majabali kwa raha zetu tu, watu wanatuuliza huko juu kuna nini, na kaka anawajibu, "Kuna kushuka."

Sasa katika kazi yetu kuna sharti moja ambalo mtu wa chini halielewi upesi: kamba yako ya kupandia haitoki machoni pako. Ikikutoka, hujui imelala wapi, pengine imemwagikiwa maji ya betri, pengine kuna mtu kaivutia gari lake bovu, na kamba iliyoliwa na tindikali kwa macho haina kasoro, unakuja kuijua ikishakatika na wewe uko ghorofa ya kumi na moja. Kaka alikuwa akisema kamba ikishalala kwa mtu mwingine ni ya kufungia mbuzi. Ndiyo maana kila kamba ina daftari lake, tunaandika imetumika lini na nani kaikagua, na humo humo tunaandika na hali ya mpandaji kama kuna tatizo, na ni kwa daftari hilo mimi na kaka tulikosana.

Miaka mitatu iliyopita niliona mkono wake wa kulia unatetemeka anapofunga fundo. Mara ya kwanza nikanyamaza, mara ya pili nikajifanya naangalia pembeni, mara ya tatu nikaandika kwenye daftari, "Mkono wa kulia unatetemeka, asipande," nikaweka sahihi yangu, nikaliacha juu ya meza ya msimamizi wetu bila kumwambia kaka hata neno moja. Kufika mchana akawa ameshatolewa kwenye kupanda, kapangiwa stoo kuhesabu ndoo na brashi. Akausoma mwandiko wangu. Akaja kwenye chumba cha vifaa, akaweka mezani kamba yake, mkanda wake, pete zake za chuma, vigingi vyake na ile nyundo ndogo tuliyokuwa tunavipigilia kwenye jabali, akaniambia, "Ungeniambia mimi kwanza." Basi. Mwezi haukuisha akaacha kazi, akahamia na mkewe mji wa mbali walipo ndugu za shemeji, na kwa miaka mitatu salamu zetu zikawa zinapita kwa shemeji tu, kaka anampa yeye, yeye ananipa mimi. Vitu vyake nikavitunza chumbani kwangu, kamba naianika kivulini, simruhusu mtu kuigusa, hata mke wangu.

Nilichoandika kilikuwa kweli, mshauri, na hata leo ningekiandika. Lakini namna nilivyokiandika inanitafuna.

Mwaka huu shemeji akanipigia: kaka ana uvimbe kichwani, anapasuliwa Ijumaa saa tatu asubuhi, na daktari kasema huenda hata kule kutetemeka kwa mkono kulianzia huko. Kabla sijajibu, kaka akaichukua simu, sauti yake ile ile, akasema, "Mdogo wangu, njoo kabla hawajanifungua kichwa. Njoo na vitu vyangu." Akamrudishia mkewe simu. Sikujua kama amenisamehe au anataka nimrudishie vyake tumalizane. Nikakata tiketi ya ndege ya Alhamisi saa tisa alasiri, maana basi ni siku nzima na kipande, na kwa ndege hiyo ningefika kabla ya saa kumi na mbili jioni, mwisho wa kuona wagonjwa.

Nikafunga vitu vyote kwenye begi moja la mgongoni, kamba mita sitini, mkanda, pete, vigingi na nyundo, nikasema hili halikabidhiwi kwa mtu, naingia nalo ndani ya ndege. Mwenzangu kazini tunayemwita Kipimo, kwa sababu hata chai anaipima, aliniona nalipanga akaniambia, "Kamba na mkanda sawa, lakini nyundo na hivyo vigingi weka kwenye mzigo wa kukabidhi. Hawatakupitisha." Nikamwambia watapita, ni vifaa vya kazi. Na pale uwanja wa ndege, kabla ya mlango wa ukaguzi, kuna picha kubwa ukutani ya vitu visivyoruhusiwa, nyundo imo, imepigwa mstari mwekundu, na niliiona, siwezi kukudanganya wewe kwamba sikuiona.

Begi likapita kwenye mashine, likarudishwa, likapita tena. Mkaguzi alikuwa mama mtu mzima, miwani kaifunga kamba shingoni, akaniita pembeni kwa upole.

"Baba, nyundo haiingii ndani. Na hivi vyuma vyenye ncha haviingii."

"Mama, hizi si silaha. Ni vifaa vya kazi."

"Hata panga ni kifaa cha kazi, baba. Sikiliza. Muda unao, rudi kaunta ukalikabidhi begi lote liende chini na mizigo. Au niachie hivi vichache nikuandikie karatasi, ukirudi unavichukua. Chagua kimoja uwahi."

Mshauri, nilichagua kubishana. Nikamwaga kamba yote juu ya ile meza yao ya bati, nikaanza kumfundisha yule mama habari za tindikali na kamba, habari za kitu kilichokutoka machoni, nikamtolea pete moja moja nikimwonyesha zinavyojifunga, foleni nyuma yangu inazidi, watu wanapita na mikanda yao mikononi wananitazama, mzee mmoja akasema, "Bwana, kama ni kupanda, panda ndege twende!" watu wakacheka, mimi nikazidi kupandisha sauti. Akaitwa mkuu wao. Nikaanza upya na mkuu wao. Mara ya tatu yule mama akaniambia, "Baba, wanakuita jina kwenye spika," na kweli walikuwa wananiita, nikasema waache waite. Nilipoanza kuikunja ile kamba ndege ilikuwa imeshafungwa mlango. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, kamba mapajani, nyundo mkononi, sina wa kubishana naye.

Nikampigia shemeji. Nikamwambia ndege imeahirishwa, wanasema injini, nakuja kesho. Akasema pole, akasema, "Kaka yako amekaa kitandani kavaa shati, kakataa kulala mpaka uingie. Nikupe uongee naye?" Nikamwambia simu yangu inazima, nitampigia baadaye. Simu ilikuwa imejaa chaji. Sikupiga baadaye.

Asubuhi ya Ijumaa nililikabidhi begi lile lile kaunta, dakika moja, sikuulizwa swali, na nilipofika likatoka upande wa pili salama, hata vumbi halina. Kaka alikuwa ameshaingia chumba cha upasuaji. Alitoka hajitambui na hakuzinduka, Jumatatu akafariki, mimi nimesimama karibu na miguu yake.

Msibani baba mdogo aliuliza mbele za watu kwa nini mdogo wa marehemu hakuwahi kumwona ndugu yake angali anaongea, na shemeji ndiye aliyenitetea, akasema, "Muacheni shemeji yangu, ndege ndizo zilizomfanyia vile, yeye alitaka kuja." Nikainamisha kichwa. Halafu akanivuta kando akasema, "Kuna maneno kaka yako kaniachia nikupe. Aliyasema ile Alhamisi jioni. Kanikataza kukwambia kwa simu. Ukitulia, tukae." Kesho yake alfajiri nikaondoka, na begi la kaka nikaondoka nalo, sikuwa na uso wa kumkabidhi. Tangu siku hiyo kanipigia mara tano, ananiuliza utakuja lini shemeji, mimi namjibu nikipata nafasi, kazi zimebana.

Nikienda nikanyamaza, nitakuwa nimepokea maneno ya kaka kwa mikono ya mwizi. Nikimwambia ukweli, nitamvunja mama aliyenitetea mbele za ukoo, na labda atakataa kunipa nilichofuata. Mke wangu anasema mambo ya marehemu yaachwe yapite. Nifanye nini?

Mimi, mdogo wa marehemu.

*

Mdogo wa marehemu,

Pole. Naanza na pole kwa sababu baada ya hapa nitakusema, na sitaki udhani sijaumia. Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale kaka yako alipokaa kitandani kavaa shati nimelia, mimi niliyezoea barua za kila namna.

Kwanza tuliondoe la daftari. Uliandika kweli na pengine ulimwokoa na kuanguka. Kosa lako ni kwamba ulimpitia nyuma mtu aliyekufunga mkanda kiunoni, naye alikwambia hivyo kwa maneno matatu, na maneno hayo ulikuwa na miaka mitatu ya kuyajibu. Ungesema, "Kweli kaka, ningekwambia wewe kwanza, nisamehe." Kazi ya nusu dakika. Badala yake ukawa unaanika kamba.

Sasa twende uwanja wa ndege. Umenieleza sharti la kazi yenu vizuri sana, hata mimi ninayeogopa kupanda kiti kubadilisha taa nimelielewa. Lakini niambie, baba, Ijumaa ile nani alikuwa anapanda? Mgonjwa wa kupasuliwa kichwa? Kamba hiyo ingelowa tindikali, ingeliwa na panya, ingetoka huko vipande viwili, kaka yako angepungukiwa nini? Alisema njoo, kisha akasema vitu. Wewe ukabeba vitu ukasahau njoo.

Na sidhani ulisahau. Kipimo alikwambia. Picha ukutani ilikwambia. Yule mama wa watu, ambaye natamani ningempelekea salamu, alikupa njia mbili za kupanda ndege ile na vitu vyako vikiwa salama, na alipokwambia unaitwa jina, ukasema waache waite. Mtu anayekimbilia kwa ndugu yake hasemi waache waite. Ulikuwa unaogopa kufika. Ulikuwa hujui utakuta msamaha au utakuta mtu anayetaka kuchukua vyake akufungie mlango, na ile meza ya bati ikakupa mahali pa kuchelewa kwa heshima, kwa kisingizio cha kazi. Utabisha. Basi nieleze la simu. Simu haina mkaguzi, haina mashine, haina foleni. Alikuwa amekaa upande wa pili, anakusubiri, na simu yako ilikuwa imejaa.

Sikwambii haya nikuongezee kidonda. Nakwambia kwa sababu umekuja kuniuliza kuhusu uongo wa injini, na huo ni uongo mdogo. Kinachokuweka nyumbani miezi minne ni hofu ile ile iliyokuweka kwenye kiti cha plastiki. Unaogopa kusikia alichosema. Na mkeo, namheshimu, lakini hapa kakosea. Hili haliwezi kupita, maana bado linakupigia simu.

Haya, fanya hivi. Leo hii, ukimaliza kusoma, mpigie shemeji yako, umwambie unakuja Jumamosi. Siku ya kweli, saa ya kweli. Usikiri chochote kwenye simu, utaanza kujitetea na mtandao utakusaidia kukimbia. Vitu vya marehemu vipeleke, ni vya shemeji yako sasa, na ukifika uwanja wa ndege vikabidhi kaunta usimfundishe mtu yeyote chochote.

Ukishakaribishwa na kukaa, kabla hajafungua mdomo kuhusu ule ujumbe, wewe ndiye uanze. Sema, "Shemeji, ndege haikuahirishwa. Nilikataa kukabidhi begi mpaka ikaniacha, na simu haikuwa inazima, niliogopa kuongea naye." Uishie hapo. Usimtaje mkaguzi, usimtaje mkuu wao, usianze habari za tindikali. Usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo, maana utakuwa unamtwisha kazi ya pili mtu aliyefiwa. Akikasirika, acha akasirike, ana haki. Akikwambia toka, toka, lakini usirudi kwenu, lala mji huo huo, asubuhi urudi umgongee. Na kwa baba mdogo nenda mwenyewe, ukamwambie shemeji alikutetea kwa kuwa hakujua, asije akaitwa mwongo kwa ajili yako.

Unauliza kama atakataa kukupa. Sijui. Sijui pia kaka yako alisema nini. Huenda alikusamehe, huenda alikusema vibaya, huenda alitaka tu kukuuliza kitu kidogo cha kazi ambacho wewe peke yako ungekijua. Lolote litakalokuwa ni lako, alikupa wewe, na huna ruhusa ya kulichagua kabla ya kulisikia.

La mwisho ndilo lililonifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine zote. Katika kurasa zako zote umeandika kuhusu aibu yako, hofu yako, uso wako. Mfikirie shemeji yako kidogo. Mumewe jioni ya mwisho alimpa maneno ya mtu mwingine ayashike, akamkataza kuyatoa kwa simu, akaingia kupasuliwa. Hawezi kuyaandika akakutumia, hawezi kumwambia jirani, na mwenye kuyapokea haji. Kwa miezi minne, anapoosha vyombo, anapotandika kile kitanda cha watu wawili, anayarudia kimoyomoyo neno kwa neno, anaogopa asije akakosea hata moja. Amekupigia mara tano. Nenda ukampokee.